Rejista za Mosoriot

Hadi mwanzoni mwa mwaka 2001, mgonjwa aliyefika kituo cha afya cha Mosoriot, kwenye barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kapsabet, aliandikwa jina kila alikopita. Aliandikwa mapokezini. Akiingia kwa tabibu, aliandikwa tena. Akitumwa maabara, kulikuwa na kitabu cha maabara. Akienda dirisha la dawa, kitabu kingine. Kliniki ya watoto ilikuwa na rejista yake, ya wajawazito yake. Vilikuwa vitabu vikubwa vya jalada gumu vilivyopigwa mistari kwa rula, na mwisho wa mwezi mtu aliketi navyo akipiga vijiti vitanovitano: malaria wangapi, kuhara wangapi, chanjo ngapi. Jumla ilipelekwa wilayani, wilaya ikaipeleka Nairobi, na safari ya taarifa ikaishia huko.

Vitabu hivyo vyote vilishindwa kujibu swali moja dogo: huyu mama aliyeketi hapa leo, mara ya mwisho alikuja lini, na alipewa nini? Ili kujua, ilibidi kupekua rejista za miezi kadhaa kwa jina tu. Nako Nandi mtoto hupewa jina kwa kufuata saa au hali aliyozaliwa nayo: Kibet wa mchana, Kiprono wa jioni mbuzi wakirudi zizini, Kipchumba ambaye siku hizi mara nyingi ni yule aliyezaliwa hospitali. Akina Chebet na akina Jepkosgei wa kata moja wanaweza kujaza ukurasa. Mhudumu hakuwa na muda huo, na foleni ilikuwa imefika nje. Basi alimuuliza mama mwenyewe, mama akajibu alivyokumbuka, na matibabu yakaanza upya kana kwamba hawajawahi kuonana.

Wanaoandika kuhusu kuboresha utendaji wa hospitali hupenda kuanzia kwenye fedha, majengo na idadi ya madaktari. Hayo yana uzito wake. Lakini ukiifuata historia ya Eldoret polepole, utaona jambo lililoyatangulia: kituo kisichomkumbuka mgonjwa wake hakiwezi kujua kama kinafanya kazi vizuri au vibaya, hata kikimwagiwa fedha. Kujifunza kukumbuka kulichukua Eldoret zaidi ya miaka kumi, na baadhi ya waliofundisha walitoka mbali sana.

Mji wenyewe ulianza kama posta mwaka 1910 kwenye shamba nambari 64, ndiyo maana wenyeji bado huuita Sisibo, kutokana na Kiingereza 'sixty-four'. Mwaka 1917 palifunguliwa hospitali ndogo ya vitanda 60 kwa ajili ya Waafrika. Miaka hiyohiyo, upande wa pili wa dunia, daktari mpasuaji wa Boston aitwaye Ernest Codman alikuwa akigombana na wenzake kwa sababu ya kadi ndogo. Alitaka kila mgonjwa aliyepasuliwa afuatiliwe angalau mwaka mmoja, iandikwe kama amepona, na kama hakupona, iandikwe sababu, hata kama sababu ni kosa la daktari. Wenzake hawakufurahia. Mwaka 1914 alijiuzulu katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, na wazo lake likalala kwa miongo mingi. Eldoret ya wakati huo haikuwa na mtu wa kugombana hivyo. Hospitali ile ilikua taratibu, ikawa ya wilaya, ikapokea majeruhi wa barabara kuu ya Uganda na wajawazito wa nyanda za Uasin Gishu, na rejista zake zikajaa na kuwekwa stoo.

Mambo yalibadilika chuo kikuu kilipokuja. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, na mwishoni mwa muongo huo kikaamua kuwa na kitivo chake cha afya, shule ya pili ya udaktari nchini baada ya ile ya Nairobi. Dekani wa kwanza alikuwa Haroun Mengech, daktari wa magonjwa ya akili, naye hakutaka kuijenga kwa mfano wa Nairobi. Alitaka wanafunzi wajifunze kwa kutatua matatizo katika vikundi vidogo, na tangu mwanzo wapelekwe vijijini, wakae kwenye vituo vya afya na kuona ugonjwa unapoanzia. Mpango huo uliitwa COBES, nao ndio uliozoesha kitivo kuviona vituo kama Mosoriot kuwa madarasa. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1990.

Mwaka 1988 madaktari wanne wa Chuo Kikuu cha Indiana, Joe Mamlin, Robert Einterz, Charles Kelley na David Van Reken, walifika Eldoret wakitafuta chuo cha kushirikiana nacho kwa muda mrefu. Ushirikiano wa namna hiyo umejaa Afrika, na mwingi huisha pale mradi unapoisha. Huu ulikuwa na kanuni moja ya ajabu kwa wakati wake: daima kuwe na daktari wa Indiana anayeishi Eldoret na familia yake, akifundisha na kuzunguka wadini pamoja na wenyeji. Einterz akatangulia. Wanafunzi wa Moi nao walikwenda Indianapolis kama wale wa Indiana walivyokuja Eldoret. Kwa miaka kumi hapakuwa na mradi mkubwa wala fedha nyingi. Palikuwa na watu waliozoeana. Mtu anayesoma historia hii leo hushawishika kuuruka muongo huo kwa sababu hauna takwimu za kusisimua. Mimi naona ndio uliobeba yote yaliyofuata, maana janga la ukimwi lilipokuja hapakuwa na haja ya kuanza kutambulishana. Mwaka 1998 hospitali ile ya wilaya ikatangazwa rasmi kuwa shirika la serikali lenye bodi yake: Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambayo wengi huiita MTRH.

Indiana ilikuwa na kitu kingine ambacho Eldoret haikukijua bado. Katika mji wa Connersville palikuwa na mwenye kiwanda aitwaye Sam Regenstrief, aliyetajirika kwa mashine za kuoshea vyombo. Mtu aliyetumia maisha yake kutafuta namna ya kutengeneza kitu kizuri kwa gharama ndogo aliitazama hospitali na kushangaa jinsi kazi inavyopotea. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alitoa fedha ikaanzishwa taasisi yenye jina lake huko Indianapolis, kuchunguza jinsi huduma za afya zinavyoendeshwa. Mwaka 1972 daktari kijana wa taasisi hiyo, Clement McDonald, alianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta.

Mwaka 1976 McDonald alichapisha jaribio ambalo kila msimamizi wa hospitali angefaa kulisoma. Kompyuta ilitoa karatasi ya vikumbusho: mgonjwa huyu anatumia dawa fulani, kipimo fulani kimechelewa, fikiria kubadilisha. Madaktari walipopewa karatasi hiyo, walichukua hatua katika asilimia 51 ya matukio yaliyohitaji hatua. Madaktari haohao wasipoipata, walichukua hatua katika asilimia 22. Daktari aliyekuwa na miaka mingi zaidi ya mafunzo hakuwa na nafuu kuliko mwenzake mchanga. McDonald alihitimisha kwamba makosa mengi hayatokani na uzembe wala ujinga. Akili ya binadamu haikuumbwa kushika vitu vingi kiasi hicho kwa wakati mmoja. Hitimisho hilo ni la huruma, na linazigusa hospitali zetu moja kwa moja, kwa sababu kwetu dawa ya kila kasoro imekuwa ni semina.

Mwalimu wa Chuo Kikuu cha Moi, Joseph Rotich, pamoja na William Tierney wa Regenstrief na Terry Hannan, daktari kutoka Australia, waliamua kulijaribu wazo hilo Mosoriot, mahali ambapo umeme ulikuwa hautabiriki. Walifunga vyanzo vya akiba vya umeme. Programu yao ilikuwa ya kawaida, Microsoft Access, ile inayopatikana katika ofisi yoyote. Badala ya vitabu vya kila chumba, ziara ya mgonjwa iliandikwa katika karatasi moja, kisha karatasi ikaingizwa kwenye tarakilishi. Mfumo ulianza Februari 2001. Katika miezi sita ziliingizwa ziara 10,000, na hapo pakajitokeza jambo ambalo rejista hazikuwahi kulisema: ziara hizo zilikuwa za watu 6,190. Rejista huhesabu ziara. Sasa kituo kilianza kuhesabu watu, na kujua nani amerudi.

Watafiti walikuwa wamepima muda kwa saa, kabla na baada. Ziara ya mgonjwa ilikuwa imepungua kwa asilimia 22. Muda wa kungoja ulishuka kwa asilimia 38, ingawa kwa hesabu za kitakwimu tofauti hiyo ilikuwa mpakani. Kwa mgonjwa aliyetoka nyumbani alfajiri, hizo ni habari njema. Lakini ripoti yao, iliyochapishwa mwaka 2003, ilikuwa na mstari mwingine ambao hawakuuficha: muda ambao mgonjwa alikuwa na mhudumu ulipungua kwa asilimia 58. Wahudumu nao walikuwa na wagonjwa kwa nusu ya muda wa zamani, wakazungumza wao kwa wao kwa theluthi moja tu ya walivyozoea, na wakaongeza muda wa shughuli zao binafsi.

Nimerudia mstari huo mara nyingi. Sehemu ya muda uliopotea ilikuwa ya kuandika jina lilelile mara tano, na hakuna atakayeulilia. Lakini sehemu nyingine huenda ilikuwa ya kuuliza, kusikiliza, kumfunulia mtoto shati. Saa ya mkononi haiwezi kuzitofautisha. Kituo kilikuwa kimekuwa chepesi, na bado hakuna aliyeweza kusema kama kilikuwa kimekuwa bora. Anayependa kupima utendaji kwa urefu wa foleni aliweke hilo akilini. Muda uliookolewa unaweza kwenda kwa mgonjwa au ukaenda kwa chai, na tarakilishi haina usemi katika hilo.

Wakati huohuo, mjini Eldoret, wadi za MTRH zilikuwa zimejaa. Serikali ilikuwa imetangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Mamlin, akiwa amestaafu hospitali ya Indianapolis, alirudi Eldoret mwaka 2000 na kukuta wagonjwa wawili wawili kitandani, wengi vijana, na madaktari ambao kazi yao kubwa ilikuwa kuthibitisha vifo. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwepo duniani, lakini kwa dola zaidi ya elfu kumi kwa mwaka kwa mtu mmoja. Wataalamu wengi wa kimataifa walisema Afrika ijikite katika kinga, tiba isingewezekana. Katika wadi mojawapo Mamlin alimkuta mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi, amekonda, akingoja kufa. Fedha za dawa zake zilitafutwa kwa watu binafsi. Alipona, akatembea, na baadaye akafanya kazi ya kuwafikia wagonjwa wengine. Kabla ya hapo ubishi ulikuwa wa hesabu za gharama. Baada yake, wenzake darasani walikuwa wamemwona.

Februari 2001, mwezi uleule mfumo wa Mosoriot ulipowashwa, kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuuza mchanganyiko wa dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Bunge la Kenya likapitisha sheria ya mali ya viwanda iliyofungua mlango wa dawa za bei nafuu. Mwezi wa Novemba, kliniki mbili zikaanza kutoa matibabu, moja MTRH na nyingine Mosoriot. Mpango ukaitwa AMPATH, chini ya chuo na hospitali kwa pamoja na Indiana, na Sylvester Kimaiyo wa Moi akawa meneja wake. Vyuo vingine vya Amerika Kaskazini, kama Brown, Duke na Toronto, vilikuwa katika ushirika. Fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na ukimwi, zilipoanza kuingia mwaka 2004, kliniki zilienea Turbo, Burnt Forest, Webuye, hadi Busia. Kufikia mwaka 2010 waliowahi kusajiliwa walikuwa wamepita laki moja.

Kukua kwa kasi hiyo ndiko huangusha miradi. AMPATH haikuanguka kwa sababu, kwa maoni yangu, ilikuwa imerithi karatasi ya Mosoriot. Kila ziara, kila kliniki, fomu ni ileile, na mwisho wa siku fomu inakwenda kwa makarani wa data. Kila mgonjwa alipewa namba, na tarakimu ya mwisho ya namba hiyo ilikokotolewa kutokana na zilizotangulia. Karani akikosea kidole, akaandika 3 badala ya 8, hesabu haikubali na tarakilishi inamkatalia. Hilo ndilo lililowatenganisha akina Jepkosgei. Ni jambo dogo lisilopigwa picha na wageni wa heshima, lakini bila hilo vipimo vya mmoja vingeingia kwenye faili la mwingine, na katika ugonjwa huu kosa hilo linaua.

Kumbukumbu hizo ziliwafundisha jambo ambalo hawakulipanga. Wagonjwa walipewa dawa, na baadhi yao hawakuongezeka uzito. Walikuwa hawana chakula. Mpango wa dawa ukajikuta unalima: mashamba yalianzishwa, moja Mosoriot kwenyewe, na Shirika la Chakula Duniani likaongeza unga, maharagwe na mafuta. Mtaalamu wa lishe alimwandikia mgonjwa chakula kama daktari anavyoandika dawa, kiasi fulani kwa idadi ya watu wa nyumba, kwa miezi kadhaa. Wapo waliobeza kwamba hospitali imegeuka duka la nafaka. Ila kwenye karatasi za ziara, safu ya uzito ilikuwa ikijisomea yenyewe.

Mwanzoni mwa 2004 madaktari wawili wa Regenstrief, Paul Biondich na Burke Mamlin, mtoto wa Joe, walifika Eldoret kuuangalia mfumo. Access ilikuwa imeelemewa. Badala ya kuipiga viraka, walianza kuunda programu mpya ambayo mtu yeyote angeweza kuichukua bure, kuibadilisha na kuiendeleza. Wakaungana na shirika la Partners In Health, lililokuwa na tatizo kama hilo, na Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini. Programu hiyo, OpenMRS, ilianza kazi kwa mara ya kwanza Eldoret mwezi Februari 2006, ikafuatia Rwanda mwaka huohuo. Leo inatumika katika nchi zaidi ya 40. KenyaEMR, mfumo unaotumika katika mamia ya kliniki za Kenya, umejengwa juu yake. Wakenya wengi wanaotibiwa kwa mfumo huo hawajui kwamba asili yake ni kituo cha afya cha Nandi.

Kukumbuka peke yake hakutoshi ikiwa kumbukumbu inalala kwenye mashine huku tabibu akiwa chumba kingine. Daktari Mkenya aliyekuwa Regenstrief, Martin Were, alilichukua jaribio la McDonald na kulileta Eldoret. Kabla ya mgonjwa kuingia, tarakilishi ilichapa muhtasari wa ukurasa mmoja: dawa zake, vipimo vyake vya mwisho, na chini kabisa kikumbusho kama kipimo cha CD4, kinachoonyesha hali ya kinga ya mwili, kimepitwa na wakati. Karani aliuweka ukurasa huo ndani ya faili. Katika kliniki iliyopata vikumbusho, matabibu waliagiza kipimo kilichochelewa katika asilimia 53 ya matukio. Katika kliniki iliyolinganishwa nayo, 38. Watafiti walipohesabu zile ziara tu ambazo ukurasa ulichapwa kweli, ikawa 63. Tofauti kati ya 53 na 63 inaeleza mengi kuhusu hospitali halisi: pengo hilo ni la kurasa ambazo hazikuchapwa. Baadaye, katika kliniki ya watoto, kazi zilizochelewa zilikamilishwa kwa asilimia 68 palipokuwa na kikumbusho na 18 pasipokuwa nacho. Wahudumu walikuwa walewale, na mafunzo yao yalikuwa yaleyale.

Haya hayamaanishi kwamba karatasi ina uchawi. Mapitio makubwa ya tafiti kutoka nchi zenye kipato kidogo na cha kati, yaliyochapishwa mwaka 2018, yaliona kwamba kumpa mhudumu karatasi za maelekezo bila kingine humwongezea ubora kwa takriban pointi 1.4 tu za asilimia. Kuwakalisha wahudumu pamoja watatue tatizo la kituo chao kuliongeza kati ya 28 na 37.5. Ukurasa wa Eldoret ulifanya kazi kwa sababu ulimhusu mgonjwa yule aliyeketi mbele, siku ile, na kwa sababu uliingia katika mfumo ambao watu walikuwa wameujenga wenyewe.

Kisha ikaja Desemba 2007. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, Eldoret na viunga vyake viliwaka. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa lilichomwa na watu waliokuwa wamejificha ndani. Nchi nzima waliouawa walipita 1,100, na uwanja wa maonyesho wa Eldoret ukawa kambi ya maelfu ya waliofukuzwa makwao. Barabara zilifungwa kwa mawe na magogo. Wahudumu wa makabila fulani hawakuweza kufika kazini, wagonjwa wa makabila fulani hawakuthubutu kwenda kliniki ya jirani, na dawa hizi zikikatizwa virusi hujizoesha nazo.

Hapo ikaonekana thamani ya kujua ni nani aliyepaswa kuja na hakuja. Namba ya simu ilitangazwa redioni, wahudumu wakawatafuta wagonjwa kambini, na mgonjwa aliyekimbilia wilaya nyingine aliweza kutambuliwa kwa namba yake. Utafiti uliofanywa baadaye kuhusu watoto zaidi ya 2,500 wenye virusi ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 walikuwa wamerudi kliniki kufikia katikati ya Aprili. Waliobaki hawakugawanyika sawasawa: watoto wa Kikuyu, ambao familia zao ndizo zilizolengwa zaidi pale, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kutorudi. Mfumo uliwakumbuka hao pia. Kuwarudisha lilikuwa jambo la siasa, na siasa haikuwa mikononi mwa kliniki.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kujaribu kuwapa watu wengine kile walichokipata wenye virusi. Mgonjwa wa shinikizo la damu alikuwa akiketi kliniki jirani na ile ya AMPATH, na kuambiwa dawa zimekwisha, anunue nje. Washirika wa AMPATH kutoka Chuo Kikuu cha Purdue walisaidia kuanzisha maduka ya dawa ya mzunguko ndani ya vituo vya serikali: dawa za serikali zikiisha, mgonjwa hununua palepale kwa bei ya chini, na fedha zake hununua shehena inayofuata. Upatikanaji wa dawa muhimu ulipanda kutoka chini ya nusu hadi takriban tisa kati ya kila kumi. Hospitali nayo ilipanuka: jengo la mama na mtoto la Riley mwaka 2009, kisha hospitali ya watoto ya Shoe4Africa mwaka 2015, iliyochangishiwa na mwanariadha Toby Tanser, kama inavyofaa mji wa wakimbiaji.

Mwaka 2018 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba, kati ya vifo milioni 8.6 kwa mwaka ambavyo huduma za afya zingeweza kuvizuia katika nchi kama zetu, milioni 5 ni vya watu waliofika hospitali wakahudumiwa vibaya. Waliokosa kufika ni milioni 3.6. Mjadala wetu wa umma bado ni wa umbali wa kituo na idadi ya vitanda. Hata hivyo kuna nyakati kituo chenyewe hufungwa: madaktari waligoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016, wauguzi wakafuata kwa miezi mitano mwaka 2017. Kliniki nyingi za ukimwi ziliendelea, kwa kuwa wahudumu wake walilipwa na fedha za nje. Ilionekana kama nguvu. Ilikuwa pia onyo.

Tarehe 20 Januari 2025, rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na siku chache baadaye zikatoka barua za kusitisha kazi. Katika kaunti zilizohudumiwa na AMPATH, kama kwingineko Kenya, shughuli nyingi zilizolipiwa na USAID, shirika la misaada la Marekani, zilisimama, na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Sehemu ya kazi ilirejea kwa vibali maalumu, lakini kufikia Julai shirika lenyewe la USAID lilikuwa limekunjwa. Wizara ya Afya iliagiza kliniki za ukimwi ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje.

Kwa upande mmoja, hilo lina mantiki yake: kituo kimoja, mgonjwa mmoja, bila mlango wa pembeni. Kwa upande mwingine, rejista ya kawaida ya wagonjwa wa nje bado huandikwa kwa mkono katika vituo vingi. Waandishi wa ripoti ya 2003 walikuwa wametaja katika mstari wa mwisho wa muhtasari wa ripoti yao kwamba mustakabali wa mfumo utategemea kama Wakenya wenyewe wataweza kuugharimia na kuutunza. Sheria ya mwaka 2016 inawatambua maafisa wa rekodi za afya kama taaluma kamili, yenye bodi na leseni, nao wamo katika mishahara ya kaunti. Karani wa data aliyeingiza fomu, aliyechapa muhtasari na kuuweka ndani ya faili, alikuwa mwajiriwa wa mradi. Katika bajeti za Uasin Gishu na Nandi, nafasi yake itabidi iandikwe na mtu, kwa jina la kazi na kwa shilingi.